Koti Jekundu la Mto Patuxent

Kila Jumamosi, vijana, mnanijia hapa Adelphi, Maryland, na suruali mlizonunua kwenye simu, ndefu kuliko miguu yenu, mnataka nizikate. Sikati. Nazipinda kwa ndani, nazishona, nazipiga pasi, nawarudishia. Mnanuna. Mmoja wenu, sitamtaja, mama yake anajijua, aliniambia kwa Kiingereza kwamba fundi wa dukani anakata na kutupa. Nikamwambia aende kwa fundi wa dukani. Hakwenda, bado anakuja kwangu.

Kazi ya karakanani, ya kushona, nimestaafu. Macho yangu hayataki tena uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, ingawa suruali zenu naziweza hata nikisinzia. Mmeniuliza mara nyingi kwa nini sikati, na nikijibu kwa mdomo mnatazama simu. Basi nimeandika. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, Kondoa, na maneno haya binti yangu Asha ameyapiga kwenye kompyuta bila ruhusa ya kurekebisha kitu. Atakayecheka sarufi yangu aje na suruali yake, tutaongea.

Nchi hii nilikuja kwa viza ya bahati nasibu, mtu mzima, mvi za kwanza zimeshachomoza. Kwetu nilikuwa fundi wa barazani, cherehani ya kukanyaga kwa miguu, mbele ya duka la vitambaa. Hapa nikaanza kwa kufagia, kama wengi tulivyoanza. Siku moja mtu wa msikitini akaniambia kuna karakana ya nguo Beltsville inatafuta anayejua kushona kwa mkono. Nikacheka. Amerika hii, kwa mkono? Nikaenda ili nipate cha kuwasimulia wenzangu.

Mwenye karakana alikuwa mama wa Kizungu, Ruth, mfupi, miwani imefungwa kamba shingoni na pini mdomoni saa zote. Aliongea na zile pini mdomoni na sikuwahi kuona hata moja ikianguka. Akanipa vipande viwili vya sufu nene, akasema viunganishe. Cheti hakuuliza. Nilipomaliza akauvuta mshono, akaugeuza, akauvuta tena.

"Umejifunza wapi?"

"Barazani."

"Ni chuo gani hicho?"

Nikamwambia ni chuo kikubwa sana, hakina kuta. Kesho yake nikaanza kazi.

Karakana ile ilishona nguo za zamani: za makumbusho, za michezo ya jukwaani, za watu wanaopenda kuvaa kama waliokufa. Kushona nilijua. Sufu sikuijua, na mnisikilize hapa kwa sababu hakuna atakayewaambia. Uzi wa kitani unaupitisha kwenye nta ya nyuki, kisha unauvuta kati ya vidole mpaka upate joto na nta iingie ndani. Ukiupitisha tu na kushona, utakatika siku mwenye nguo anapoinama kumsalimia mkwewe. Na sufu nyekundu usiipige pasi kavu. Weka kitambaa kibichi juu yake, bana, inua, sogea. Ukisugua itang'aa kama kiatu, na mng'ao ule hautoki mpaka kiama.

Mimi nilijifunza kwa kuung'arisha mgongo wa kepteni. Wa koti lake, namaanisha. Meza ya jirani alikaa Njeri, mama wa Nyeri, fundi wa kofia na mdomo. Akalishika lile koti na kuzunguka nalo karakana nzima.

"Woi, Mzee Mrisho! Huyu kepteni ataonekana mpaka Baltimore! Adui hatahitaji darubini!"

Nililichukua koti langu, nikakaa. Mwanamke huyo ukimjibu unamwongezea mafuta.

Sasa niwaambie koti la kepteni huyo lilikuwa la vita gani. Nyinyi mnapita Upper Marlboro kwenda kortini na faini zenu za kukimbiza magari, hamjui kwamba askari wa Mwingereza walipita hapohapo kwa miguu wakienda kuichoma Washington. Ni zaidi ya miaka mia mbili sasa. Mwamerika na Mwingereza walikuwa vitani, na Mwingereza alikuwa na manowari nyingi. Akazileta kwenye mlango wa Ghuba ya Chesapeake, akazipanga, akakaa. Ruth aliponieleza nilimwuliza: akakaa tu? Akasema ndiyo, akakaa.

Iko vita ya kupiga na iko vita ya kukaa mlangoni kwa mtu. Aliyekaa mlangoni kwako hakugusi, lakini wewe hutoki, mgeni haingii, na unga unapungua ndani ya nyumba. Tumbaku ya matajiri wa huku ikalala ghalani bila pa kwenda. Meli za biashara zikafungwa gatini mpaka kamba zikaota ukungu. Halafu boti ndogo za zile manowari zikawa zinapanda mito, hata huu Patuxent wetu, zinachukua ng'ombe, zinachoma maghala, zinarudi kwenye meli kubwa kula nyama.

Kila kiangazi kuna watu hujikusanya kando ya mto huo kuigiza siku zile. Wengine mabaharia, wengine askari wanaoshuka kwenye boti, wengine wakulima wanaokimbia na kuku kwapani. Watu wazima hao, wana kazi zao, wana mikopo ya nyumba. Nguo zao tulishona sisi. Na wana desturi moja ambayo mimi kama fundi naiheshimu: kabla hujapanda boti, lazima upite kwa mkaguzi wa mavazi. Alikuwa bwana mrefu mwenye ndevu na miwani ya duara ya kizamani. Anageuza kola yako, anapekua bitana, anatafuta mshono wa mashine mahali palipotakiwa mkono. Una zipu? Huendi. Saa ya mkononi? Huendi. Nilimwona kwa macho yangu akimrudisha jaji mzima kwa ajili ya soksi.

Kosa langu kubwa kwenye makoti ya askari lilitoka nyumbani, wala silionei aibu. Kwetu sare ya shule hushonwa kwa ajili ya mwili ujao. Mzazi anakuambia, fundi, acha pindo. Unaacha pindo nene chini, unaacha akiba ya kitambaa mbavuni, mkono unaukunjia ndani. Mtoto anaanza darasa la kwanza kavaa sare ya darasa la tatu, na kila mwaka anarudi kwako, unafumua kidogo, unaachia kidogo, mpaka sare na mtoto wanakutana. Mkono wangu haukujua namna nyingine. Makoti ya kwanza niliyopewa niliyaachia akiba ya kutosha kikosi kizima kibalehe.

Ruth akageuza moja ndani nje. Akatoa pini mdomoni, jambo la nadra.

"Mrisho. Askari hawa walikufa miaka mia mbili iliyopita. Unatarajia watakua?"

Njeri alilala juu ya meza kwa kicheko. "Aki mama yangu alinishonea uniform hivyohivyo! Nimeolewa bado inanipwaya!"

Ruth akanieleza kwamba kitambaa cha mfalme wa Mwingereza kilikuwa ghali na mafundi wake walibana kila mshono. Nikaamriwa kupunguza. Nikapunguza, lakini rohoni sikukubali. Baadaye karakana ikanunua mashine ya kukata kitambaa kwa mwanga, inayoongozwa na kompyuta. Inakata vizuri, siisingizii. Ila haijawahi kumshika mtu bega ikajua kwamba amechoka.

Jambo jingine niliseme waziwazi, maana mimi sijui kuzunguka. Makoti yale mekundu ya Mwingereza niliyashona uso umekunjwa. Babu yangu alibebeshwa mizigo ya Mwingereza katika vita vyake na Mjerumani huko kwetu, akarudi bega moja limeshuka. Ningempimia babu koti ningelazimika kujaza pamba upande wa kushoto. Na sasa mimi, mjukuu wake, niko Beltsville namtengenezea Mwingereza yuleyule mabega mazuri. Nilipokea mshahara, nikakunja uso.

Ndipo akaja Otis.

Otis alikuwa dereva wa basi mstaafu kutoka Upper Marlboro, mrefu, mweusi kama mimi, mapafu yake mabovu. Aliongea sentensi moja, akapumzika, akaongea nyingine. Alikuja na mjukuu wake Denise, mwanamke mwembamba, nesi, bado amevaa nguo za hospitali. Walisema kwa Kiingereza. Nawaandikia kwa lugha niliyoyaelewea moyoni.

"Nataka koti jekundu," akasema Otis.

"La afisa au la askari?"

"La askari. La kwangu mimi."

Sikumpaka mafuta. "Kaka, kwenye ukumbusho ule wa mtoni nimekuwepo. Watu weusi nimewaona wakibeba mapipa."

"Hata mimi nimewaona. Kila mwaka nawaambia waandaaji, na kila mwaka wananipa pipa." Akapumzika. "Safari hii wamechoka kunisikia. Wamesema panda boti, ushuke na askari. Lakini mkaguzi ni mkaguzi. Akilikataa koti, nabaki ukingoni na mapipa."

"Akilikataa si utarekebisha, urudi mwakani?"

Otis akamtazama Denise. Denise akatazama sakafu.

"Daktari wangu," Otis akasema, "halipendi neno mwakani."

Mtu mwingine angeishia hapo akachukua vipimo. Mimi nikauliza kilichonikaa kooni. Nikamwambia habari ya babu yangu na bega lake. Nikamwuliza, wewe mtu mweusi, kati ya makoti yote ya dunia, unataka la Mwingereza?

Alicheka mpaka akakohoa, Denise akamshika mgongo. Kisha akanisimulia habari ambayo kwao wamepokezana kwa mdomo, mzee kwa mtoto. Babu wa babu zake alikuwa mtumwa kwenye shamba la tumbaku karibu na mto. Manowari zilipokaa mlangoni, bwana wake hakuweza kutoa tumbaku hata jani. Bwana akafungiwa, akakasirika, akawa mtu wa kuangalia mto tu. Na mtumwa naye akawa anaangalia mto. Kwa sababu habari zilishafika mashambani: ukipata mtumbwi, ukapiga kasia mpaka kwenye meli ile, hurudishwi. Akampandisha mke wake na mtoto mchanga, wakaenda. Walikuwa wengi walioenda hivyo, kwenye mito yote ya huku. Baadhi ya wanaume wakapewa bunduki na makoti mekundu, wakarudi na boti kwenye ukingo uleule waliotorokea.

"Hakuna aliyempenda mfalme," Otis akasema. "Meli zile zilimzibia njia kila mtu. Sisi tulikuwa tumezibiwa tangu kuzaliwa. Kwetu zilikuwa mlango."

Akapumzika tena. "Nataka kushuka pale nimevaa koti. Mara moja tu. Basi."

Nikavua futi kamba shingoni. "Simama," nikamwambia. "Usijivute tumbo ndani, siyo picha ya harusi."

Koti lile nililishona mwenyewe mwanzo mpaka mwisho. Ile mashine ya mwanga sikuiruhusu hata kulinusa. Na mbavuni nikaacha akiba, ile ya kwetu, ya sare ya shule. Ruth alipita, akapekua bitana, akatoa pini mdomoni, akanitazama juu ya miwani.

"Mrisho."

"Mama Ruth, mgonjwa ni kama mtoto," nikasema. "Mwili wake haujatulia."

Akairudisha bitana mahali pake. Kisha akarudisha pini mdomoni, akaenda zake.

Otis alilichukua mapema, akawa analivaa bustanini kwake kila jua linapotoka, alizoee. Denise alisema majirani walidhani babu ameanza kuchanganyikiwa.

Siku ya ukumbusho mimi na Njeri tulikwenda, kama kawaida, na kikapu cha sindano kwa ajili ya vifungo vinavyokatika dakika ya mwisho. Njeri alikuwa na thamosi ya chai na mandazi. Kulikuwa na joto la kuyeyusha nta. Gari la Denise likaingia, Otis akashuka, na mimi nikajua kabla hajafunga mlango. Uso wake ulikuwa mviringo. Dawa za mapafu zilikuwa zimemjaza maji.

Tukamvisha. Vifungo vikabaki upande huu, matundu upande ule, na kati yao ungeweza kupitisha kiganja. Ng'ambo ya uwanja mstari wa ukaguzi ulikuwa umeshaanza kusogea.

Otis akajitazama. "Basi," akasema. Akalivua polepole, akaanza kulikunja, pembe kwa pembe, kama mtu anayekunja bendera.

"Babu, tuwaambie wakusubiri," akasema Denise.

"Wamenisubiri vya kutosha, mwanangu."

"Lete," nikasema.

"Kaka, haliingii."

"Nimesema lete. Hujui kilichomo ndani ya koti lako."

Nikalitandaza juu ya boneti ya gari la Denise. Nikafumua mbavu zote mbili. Mshono wenye nta haufumuki kwa kuvuta. Unakata uzi hapa na pale, unautoa vipandevipande, la sivyo unachana sufu. Njeri alikaa kando yangu anatia nyuzi kwenye sindano.

"Ni-wax mara ngapi, Mzee?"

"Mpaka nikuambie basi. Na usicheke, unatikisa gari."

"Sijacheka! Ni sindano inakataa uzi. Mstari unasonga, bana."

"Usonge. Na sisi tunasonga."

Hapa shikeni neno hili, ni la bure. Watu huacha akiba kwenye kitambaa cha nje wakasahau bitana. Koti likiachiwa, nje linapumua, ndani linanyonga. Mimi bitana niliiwekea kikunjo katikati ya mgongo. Nikakata uzi mmoja tu, ikafunguka yenyewe. Nikashona mbavu ya kwanza, nikashona ya pili, jasho linanitiririka machoni, Denise ananifuta paji kama niko chumba cha upasuaji. Tukamvisha. Vifungo vikafunga.

Lakini kitambaa kina kumbukumbu. Kila upande, mahali mshono wa zamani ulipokuwa, palibaki mstari wa matundu ya sindano. Na kwa sababu Otis alilivaa juani majira yote ya kuchipua, koti lilikuwa limepauka, na ule ukanda uliotoka ndani ulikuwa mwekundu kama jana. Hata mtu asiyejua kushona angeuona kutoka ng'ambo ya mto.

Mkaguzi akamfikia. Akageuza kola. Akapekua mikono, akakagua vifungo. Kisha akainua mkono wa Otis, akauona mstari.

"Hii ni nini?"

Njeri akaacha kutafuna. Otis alikuwa anahesabu pumzi zake. Nikasogea mbele.

"Nimeliachia. Nimemshonea mimi. Mwili umebadilika, nimeliachia sasa hivi pale kwenye gari."

Mkaguzi akapitisha ukucha juu ya yale matundu, toka kwapani mpaka chini. Akafanya hivyo upande wa pili. Nilikuwa namtazama midomo.

"Makoti yalikuja kutoka Uingereza kwa marobota," akasema, kama anayeongea na lile koti. "Vipimo vichache tu. Fundi wa kikosi ndiye aliyeyafumua na kuyashona upya juu ya mwili wa kila mtu." Akamtazama Otis usoni. "Na wale waliokuja kwa mitumbwi, hakuna fundi London aliyekuwa amewapima."

Akamwekea Otis kola sawa, taratibu, kama mama anavyomfanyia mtoto siku ya kwanza ya shule.

"Miaka yote hii nimekagua makoti. Hili ndilo la kwanza lililofumuliwa. Panda."

"Haiya!" nikamsikia Njeri nyuma yangu, na thamosi ikaanguka.

Boti zilizunguka kwenye kona ya mto zikaja ukingoni. Askari wakashuka wakikimbia, kama walivyofundishwa. Otis akashuka wa mwisho. Mtu akampa mkono, hakuupokea. Alipanda ukingo ule hatua kwa hatua, kisha akasimama, bunduki ya mbao begani, akitazama miti iliyoota palipokuwa na mashamba. Mchezo ulisema askari waandamane mpaka kwenye ua wa wakulima. Hawakuandamana. Kamanda wao alikuwa amesimama anamngoja, na nyuma yake kikosi kizima kinamngoja, na sisi wa huku tunamngoja, hata wale wenye kuku. Denise alikuwa ameshika mkono wangu, ananiumiza.

Otis alipomaliza kutazama, akatembea. Nao wakatembea.

Jioni alinijia akiwa amelowa jasho, koti bado limefungwa vifungo vyote.

"Kwapani pananibana kidogo," akasema.

"Hapo sikuacha kitu," nikamwambia. "Usiinue mikono."

Daktari wake alijua kazi yake. Otis hakuiona masika iliyofuata. Tulikwenda kumzika, mimi na Njeri na Ruth, na Ruth siku hiyo hakuwa na pini hata moja mdomoni.

Kisha mwaka huu, mimi nimeshastaafu, Denise akapanda ngazi zangu hapa Adelphi na lile koti mkononi. Waandaaji amewaambia kwamba kiangazi atashuka yeye kwenye boti. Nikamwuliza, wamekubali? Akasema hakuwauliza, amewaambia. Nikampenda zaidi.

Nikamvisha mbele ya kioo. Alipotea ndani yake. Nikafumua mbavu, nikakunja kitambaa mpaka nikafika kwenye yale matundu ya kwanza, kipimo cha Otis kabla ya dawa. Kwa Denise hayakutosha, nikaingia ndani zaidi. Akiba ikawa nene kuliko siku niliyolishona.

Akajigeuzageuza, akajishika mbavu.

"Mzee Mrisho, si ukate tu hii ya ndani? Inanikera."

Nikamwuliza kama ana mtoto.

"Bado," akasema, akicheka. "Kwani inahusu nini?"

"Basi yuko mtu sijampima," nikamwambia, nikapitisha uzi kwenye nta.